Kiapo cha Wasichana wa Darasa la Saba

Maji yaliyokaa juani ndani ya mtungi wa plastiki yana harufu yake. Si uvundo, wala si matope. Ni kama ndara mpya iliyosahauliwa karibu na moto. Juzi mjukuu wangu aliacha mtungi uani tangu asubuhi. Nilipoinama kumimina ya kuoshea vyombo, harufu ile ikanipanda puani, na nikajikuta nimekaa chini kama mgonjwa. Mtoto akaniuliza, "Cucu, kichwa kinakuuma?" Nikamwambia aende akacheze. Kichwa hakikuniuma. Nilikuwa nimerudi kuwa na miaka kumi na tatu.

Kwetu ni Mbeere, pande za chini za Embu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Siakago. Watu wa juu, wenye majani chai na kahawa, walituita watu wa jua, na hawakukosea. Mwaka ninaousimulia ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mvua ilikuja siku nne, ikaondoka bila kuaga. Mto wetu ulibaki mchanga mtupu. Ukitaka maji ulichimba shimo mchangani mpaka mkono uishie begani, ukangoja yajikusanye kule chini, ukayateka kwa kikombe cha bati, kikombe baada ya kikombe. Ya nyumbani, lita ishirini, tuliyabeba mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Mpaka leo nina kibonde hapa juu ya nyusi, na sikionei aibu.

Halafu kulikuwa na maji ya shule. Kila Jumanne na Alhamisi, kila msichana lita tano. Wavulana walileta kuni, na kuni zilikuwa tele kila kichakani, kwa hivyo wao walikuja wakipiga mluzi. Sisi tuliambiwa maji ni ya chai ya walimu na ya kuosha madarasa. Tuliyamimina kwenye pipa nyuma ya jiko. Jioni, wasichana wa darasa la saba walikuwa na kazi ya kuyatoa tena kwenye pipa na kuyapeleka shambani kwa hedimasta, nyuma ya nyumba yake, ndani ya ua wa shule.

Hedimasta alikuwa amepanda nyanya. Nisiwe mwongo, zilikuwa nyanya nzuri. Katika nchi iliyokuwa rangi ya vumbi kutoka huku mpaka huku, zile nyanya zilikuwa nene, nyekundu, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Siku ya soko zilipanda gari kwenda kuuzwa.

Jioni moja tulikuwa tukinyunyiza, tukakuta mtoto wa darasa la kwanza amelala kifudifudi kati ya mistari ya nyanya. Alikuwa akinywa maji ya mfereji kabla hayajazama. Rafiki yangu Igoki alimwinua kwa mkanda wa sketi. Mdomo wake ulikuwa matope mpaka puani. Hakulia wala hakujitetea. Alipangusa mdomo kwa mkono, akauliza, "Mtamwambia mwalimu?"

Tulimaliza kunyunyiza, tukaenda kukaa nyuma ya choo, mahali petu pa siri.

Lazima mjue kwamba wakati ule nchi nzima ilikuwa na joto. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, na watu waliogopana hata kwa rangi ya kitambaa cha kichwa. Vyuo vikuu vilifungwa mara kwa mara. Jirani yetu alikuwa na kijana chuoni, na tulimwona akishuka barabarani na godoro kichwani, wiki kumi kabla ya likizo. Yeye ndiye aliyetueleza mgomo ni nini. Tulimsikiliza kama vile watoto wengine wanavyosikiliza hadithi za fisi.

"Tulete mitungi mitupu," Igoki akasema. "Sote. Siku moja."

"Na akiuliza nani alianza?" mwingine akasema.

Sote tulimjua hedimasta. Hakuwa mtu wa kupiga tu. Alikuwa mtu wa kuuliza mmoja mmoja, ofisini, kwa sauti ya upole, mpaka mtoto amtaje dada yake wa tumbo moja.

Ndipo mimi, mwenye mdomo, nikasema, "Tule kiapo."

Neno hilo sikulitoa kwa vitabu. Nilikuwa nikilala kwa Cucu, mama wa baba yangu, ambaye nilirithi jina lake kama ilivyo desturi yetu: yeye Ciarunji, mimi Ciarunji. Kwa sababu hiyo hakuniita mtoto. Aliniita "mwenzangu." Cucu alikuwa ameishi wakati wa emajensi, wakoloni walipowafungia watu vijijini na kuchimba handaki kuzunguka. Nilijua kwamba alikula kiapo cha siri cha wapigania uhuru, na kwamba alipigwa ili aseme nani alimlisha. Zaidi ya hapo hakusema. Ukimwuliza, alichukua ungo akaanza kupepeta hata kama hakukuwa na cha kupepeta. Jambo moja tu alilirudia. Afisa mmoja aliwapigisha magoti wanawake juani kutwa nzima, naye tangu siku ile hakumpigia mtu magoti tena. Hata kanisani, wengine wakishuka, yeye aliomba ameketi, fimbo katikati ya miguu. Mchungaji alishazoea.

Basi kiapo chenyewe nilikitunga kwa vipande nilivyookota kwa wazee. Nilisikia kulikuwa na lango la majani ya migomba. Kwetu mgomba ungeota wapi? Tukakunja mabua ya mtama, wawili wakayashika, tukapita chini yake mara saba tukigongana vichwa na kucheka. Nilisikia kulikuwa na nyama ya mbuzi. Nyama hatukuwa nayo, kwa hivyo niliruka ua nikachuma nyanya sita za hedimasta. Zilikuwa na unga mweupe juu yake. Nikazifuta kwa sketi.

Tulikuwa wasichana ishirini na mmoja. Kila mmoja aliuma nyanya na kusema, "Sitaleta maji. Nikiulizwa nani alianza, ni sisi sote. Nikilitaja jina la mwenzangu, hiki ninachokula kinile." Mara ya kwanza tulicheka. Ilipofika ya kumi hakuna aliyecheka tena. Wengi waliuma kidogo tu, kwa woga. Igoki alimaliza nyanya iliyomfikia mkononi, akamalizia na iliyokuwa kwa jirani yake, kwa sababu Igoki na chakula hawakuwahi kugombana.

Jumanne tulikuja na mitungi mitupu. Tulipofika uwanjani tuliilaza chini mbele ya bendera, mstari mmoja, midomo wazi ikimtazama hedimasta, nasi tukakaa nyuma ya mitungi.

"Maji yako wapi?" akauliza.

Sauti moja nyembamba ikatoka nyuma: "Yako kwa nyanya, mwalimu."

Shule nzima ilicheka. Nilimwona mwalimu mmoja akigeuka kutazama mlima ili asionekane uso. Hedimasta hakucheka. Alituita ofisini mmoja mmoja, kama tulivyojua. "Ni nani alianza, mama?" aliniuliza, akiniita mama kama mtu wa nyumbani. "Ni sisi sote, mwalimu." Viboko viwili. Aliyefuata, "Ni sisi sote." Viboko viwili. Alipofika wa kumi na tano, mkono ulikuwa umechoka na sauti ya upole ilikuwa imeisha.

Alhamisi, mitupu tena. Mama zetu waliona, wakajifanya hawaoni. Kwa mara ya kwanza walipata maji ya kutosha nyumbani. Mama Igoki alimwambia mama yangu kwenye mashimo ya mchangani, nami nikasikia, "Huyo mzee akiita mkutano, mimi nitasema. Mimi sikuzaa punda." Naye hedimasta akauita mkutano wa wazazi, siku ya Jumamosi. Nyanya zilikuwa zimeanza kuinamisha vichwa. Tulipotoka shule tulikirudia kiapo kwa nyanya nyingine zenye unga, na Igoki akala mbili tena. Niwaambie ukweli, sijawahi kutembea tena kama nilivyotembea siku ile kurudi nyumbani. Nilihisi ardhi ni yangu.

Jioni hiyohiyo Igoki akashikwa na tumbo.

Mama yake alikuwa amemwuliza, bila ubaya wowote, "Hii akili ya mitungi mlitoa wapi?" Na Igoki, akiwa amejaa sifa za ushindi, akajibu, "Ni Ciarunji." Saa moja haikupita, tumbo likaanza kumkata. Akatapika vitu vyekundu. Akajiangusha chini akipiga kelele, "Kinanila! Mama, kinanila! Nimemtaja!"

"Nini kinakula?"

"Kiapo!"

Nilikuja kuelewa nikiwa mama wa watoto, siku niliyomwona mume wangu akipiga dawa shambani na kutukataza kugusa mboga kwa wiki nzima. Ule unga mweupe! Hedimasta alikuwa amenyunyizia dawa ya wadudu, na Igoki alikula nyanya mbili. Lakini nani angetuambia? Sisi tuliamini kiapo kimemshika, na mimi niliamini kuliko wote, kwa sababu mimi ndiye niliyekitunga na nilijua hakikuwa na kitu ndani yake. 

Mama Igoki hakukimbilia zahanati, alikimbilia kanisa. Walipomaliza kumwombea ndipo mtu mmoja mwenye akili akasema apelekwe kwa daktari. Akapona, ashukuriwe Mungu. Lakini kufikia asubuhi, kutoka kilima chetu mpaka sokoni, habari haikuwa ya maji tena. Habari ilikuwa kwamba watoto wamelishwa kiapo.

Siku ya mkutano, wazazi walikaa kwenye viti vya madarasani vilivyotolewa uwanjani, magoti yamefika kidevuni. Chifu alikuja na askari wawili. Nilingoja Mama Igoki asimame aseme lile neno la punda. Alikuwa amejifunika leso, akitazama vidole vya miguu yake.

"Mimi nimeona migomo," chifu alisema. "Migomo ya uji. Migomo ya maharagwe yenye wadudu. Hiyo naielewa, hata mimi nilikuwa mwanafunzi. Lakini kiapo? Mtoto wa darasa la saba atoe wapi kiapo? Ametumwa na nani? Ni hawa wapinzani, watu wa vidole viwili?" Akazungusha macho, na watu wakaficha mikono yao, hata waliokuwa hawajaunyoosha mkono kwa chama chochote. "Ciarunji asimame!"

Tukasimama wawili.

Kukawa na kicheko kidogo, kikafa. "Wewe mama, keti," chifu akasema.

"Umeita Ciarunji," Cucu akamjibu. "Wa kwanza ni mimi."

Hedimasta aliinuka, amevaa tai, mpole kama Jumapili. Akasema wasichana ishirini walidanganywa na watasamehewa. Lakini aliyewalisha wenzake kiapo hawezi kukaa kwenye dawati la shule ile, wala shule nyingine yoyote ya tarafa ile. Yeye mwenyewe angeandika barua. "Isipokuwa," akasema, "kama naye alifundishwa na mtu mzima. Mtoto akifundishwa vibaya na mkubwa, kosa ni la mkubwa. Sema tu, mama. Nani alikufundisha?"

Nikatazama mstari wa wenzangu. Ishirini. Tulikuwa tumekubaliana, sisi sote. Nilingoja mmoja aseme, hata kwa sauti nyembamba kama ile ya Jumanne. Walikuwa wakitazama chini, na siwalaumu, kwa sababu walikuwa wamesikia Igoki alivyolia.

Nikamtazama Cucu. Yeye alikuwa akinitazama tangu mwanzo. Akashusha kidevu mara moja, taratibu, kama mtu anayekubali bei.

Sikuwa nimefundishwa chochote. Neno moja hakuwa amenipa, miaka yote ile. Nikasema, "Ni Cucu."

"Ni kweli, mama?" chifu akauliza.

"Mtoto amesema," Cucu akajibu. "Kwani mtoto wangu ni mwongo?"

Askari mmoja alisogea. Ndipo mzee wa kanisa akaingilia kati, na nafikiri yeye alidhani anamwokoa. Akasema mama huyu ni mzee, asipelekwe polisi Siakago. Apige tu magoti hapa mbele ya watu, aikane shetani, aombewe, mambo yaishe. Chifu akakubali. Hedimasta akatikisa kichwa kwa huruma.

Cucu akanipa fimbo yake niishike. Kwanza alishusha goti la kulia, akashika mchanga kwa mkono. La kushoto halikukunjika vizuri, lilikuwa na kovu la zamani. Alilisukuma kwa kiganja mpaka likagusa chini. Watu waliomba muda mrefu. Upepo ulileta vumbi na hakulipangusa usoni. Kilemba kilimwangukia shingoni, na mimi niliyeshika fimbo niliona nywele zake nyeupe mchana kwa mara ya kwanza. Alisema yote waliyomwambia aseme. Maji, hakuna aliyeyataja siku hiyo. Hata mmoja.

Tulipofika mlangoni alisema tu, "Jumatatu uende mapema."

Nikaenda. Jumanne nilibeba lita tano, na jioni nikazimwaga kwenye nyanya. Wenzangu hawakunitukana. Waliacha tu nafasi pembeni yangu tulipokaa. Nyanya zilisimama tena. Wiki mbili, wiki tatu. Kila nilipoinamisha mtungi niliona goti lile likisukumwa kwa kiganja.

Alhamisi moja nikaja na mtungi mtupu, peke yangu. Hedimasta hakunipiga. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi, akanyoosha kidole kwenye lango, akaendelea kunywa.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Nilikuwa na furaha, mnaweza kuamini? Nilidhani ninamletea Cucu zawadi. Nilimkuta anachagua ndengu, miguu imenyooshwa. Nikamwambia nikihema, "Cucu, nimekataa! Nimekataa kwa ajili yako."

Hakuinua uso. Alitoa vijiwe vitatu, akavitupa.

"Kwa ajili yangu," akasema.

"Ndiyo, Cucu."

"Mimi nilipiga magoti ili wewe ukae kwenye dawati." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Sasa wewe umeinuka. Na mimi nitainukaje?"

Kesho yake alijifunga kilemba kipya akaenda shuleni. Alikwenda mara tatu. Mara ya tatu hakufunguliwa lango. Alijaribu shule ya ng'ambo ya mto, kule nako barua ilikuwa imefika kabla yake. Mimi nikabaki na mtungi wa lita ishirini na mbuzi wa baba yangu. Miaka sita baadaye niliolewa. Igoki alimaliza shule na akawa mwalimu, mwalimu mzuri. Mwaka juzi, kwenye mazishi, alinishika mkono akataka kusema jambo, akashindwa. Nikamwambia tule kwanza, chakula kinapoa.

Miaka mingi niliisimulia habari hii kama habari ya ushujaa wangu. Niliwaambia watoto wangu kwamba ishirini walirudi kubeba maji na mimi nilikataa. Na ni kweli, nilikataa. Lakini mtoto wa miaka kumi na tatu huona heshima ni kitu cha kuvaa mbele ya watu, kama gauni. Sikujua kwamba mtu anaweza kuivua mwenyewe, mbele ya kijiji kizima, akaikunja, akampa mwingine. Mimi nilipewa, nami nikaitupa pale langoni, nikaja nyumbani nikikimbia.

Cucu aliishi miaka mingine kumi na miwili. Hakunilaumu tena hata siku moja. Jambo moja tu lilinichoma. Kila mgeni alipokuja na kuuliza, kama wageni wanavyouliza, "Na huyu wako alifika darasa la ngapi?" Cucu alijibu kabla sijafungua mdomo, "La nane. Alifanya mtihani wa kumaliza shule." Nilidhani ananionea aibu. Mara moja, nikiwa na mtoto mgongoni, nilimsahihisha mbele ya watu. Nikasema, "La saba, Cucu. Unasahau." Akanitazama kama siku ile ya mkutano, bila kupepesa.

"La nane," akasema. Akamgeukia mgeni, akamkaribisha chai.